Jasi haiondoi chumvi: kuotesha nafaka kwenye udongo wa chumvi na wa magadi

Nilipoanza kuhangaika na shamba la chumvi, nilinunua jasi, ule unga mweupe wa madini ya kalsiamu, kabla sijajua ninatibu nini. Nikaimwaga, nikailima ndani, nikapanda mahindi, nikakaa kusubiri. Mahindi yakaota, yakafika magotini, ncha za majani zikaungua, yakadumaa hapo hapo. Sehemu ambazo sikutia jasi zilikuwa vilevile. Jirani yangu, mzee aliyeshika jembe tangu utotoni, alisimama pembezoni akatazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, dawa uliyonunua ni ya mgonjwa mwingine."

Alisema kweli. Neno "chumvi" tunalitumia kwa magonjwa mawili tofauti, na jasi ni dawa ya ugonjwa mmoja tu. Na hata huo mmoja, jasi peke yake haiuponyi: kazi yake ni kuing'oa sodiamu pale iliponata, halafu maji ndiyo yanayoibeba na mtaro ndio unaoitoa shambani. Ukikosa mojawapo ya hivyo vitatu, umezika fedha ardhini.

Magonjwa mawili

Ugonjwa wa kwanza ni chumvi halisi iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo. Udongo wa namna hii mara nyingi unapendeza machoni: umevunjika vizuri, maji yanaingia bila shida, na jua likikaza unaona ukoko mweupe juu ya matuta. Tatizo ni kwamba mmea unakaa kwenye maji na bado una kiu, kwa sababu chumvi inayavuta maji upande wake na mizizi inashindwa kuyanyonya. Ukiona mahindi yamesinyaa saa tano asubuhi ilhali udongo chini una unyevu, anza kushuku hapa.

Ugonjwa wa pili ni magadi. Hapa sodiamu imenata kwenye chembe za mfinyanzi zenyewe. Chembe zilizobeba sodiamu nyingi zinasukumana badala ya kushikana. Zikipata maji zinatawanyika kama vumbi, zinaziba matundu yote, na udongo unafunga. Mvua ikinyesha maji yanatuama siku tatu, nne, yakiwa na rangi ya matope. Ukikauka unakuwa mgumu kama tofali na unapasuka. Mahali pengine utaona madoa meusi yenye mng'ao juu ya ardhi. Usiyafurahie ukidhani ni rutuba: ni mboji iliyoyeyushwa na magadi ikapanda juu.

Maabara huyatenganisha kwa namba. Udongo unahesabiwa kuwa wa chumvi pale maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tope lake yanapopitisha umeme zaidi ya desisimensi 4 kwa mita. Unahesabiwa kuwa wa magadi pale sodiamu inapochukua zaidi ya asilimia 15 ya nafasi zote za kunata kwenye chembe za udongo, na mara nyingi pH yake (kipimo cha tindikali au ukali wa magadi) hupita 8.5. Upo pia udongo wenye vyote viwili, na huo ndio wenye hila kuliko yote, nitaurudia.

Chupa mbili na donge moja

Kipimo hiki ninakifanya kila msimu, na kimeniokolea fedha kuliko kitu kingine chochote. Unahitaji chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, maji ya mvua, na udongo uliokauka. Maji ya kisima hayafai, kwa sababu yana chumvi zake, na chumvi hizo zinaushikanisha udongo hata kama una magadi, ukadanganyika.

Chota udongo sehemu tano tofauti za shamba, kila sehemu mara mbili: wa juu hadi kiganja kimoja, na wa chini yake hadi urefu wa dhiraa. Usichanganye wa juu na wa chini. Anika kivulini, ponda, toa mawe na mizizi. Pima gramu 50 za udongo, mimina mililita 250 za maji ya mvua, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, pumzika, tikisa tena. Kisha acha chupa itulie juu ya meza usiku kucha.

Asubuhi zitazame kabla hujazigusa. Chupa yenye maji maangavu, matope yote yamelala chini, ni ya udongo usio na magadi, au wenye chumvi nyingi kiasi cha kuyaficha magadi. Chupa ambayo maji yake bado ni kama chai ya maziwa ni ya magadi. Mara ya kwanza nilipopanga chupa zangu kumi dirishani niliona shamba langu ni mashamba mawili: upande wa juu maji maangavu yote, upande wa bondeni maji machafu yote, na mimi nilikuwa nimeyatibu kwa mfuko mmoja.

Donge ni kipimo cha pili. Chukua donge la udongo mkavu lenye ukubwa wa punje ya mahindi, liweke taratibu kwenye kisahani chenye maji ya mvua, usilitikise. Ndani ya saa chache, kama kuna magadi, utaona kiwingu cheupe kinaenea kulizunguka. Donge linaloporomoka tu bila kiwingu halina magadi, limelegea, basi.

Kama una kile kipimo kidogo cha mkono cha kupima chumvi kwenye maji, kitumbukize kwenye sehemu ya juu ya chupa ya gramu 50 kwa 250. Soma kwa mikrosimensi au milisimensi, usisome kwa ppm, maana namba ya ppm ni hesabu inayotengenezwa na mashine na kila kiwanda kina kigawanyo chake. Mikrosimensi 1000 kwa sentimita ni sawa na desisimensi 1 kwa mita. Namba uliyoipata ni ya maji yaliyozimuliwa mara tano, kwa hiyo izidishe: takriban mara 14 kwa udongo wa mchanga, mara 10 kwa tifutifu, mara 7 kwa mfinyanzi. Hapo unapata makadirio ya ile namba ya maabara.

Namba hiyo inakuambia kwanza kama nafaka unayoitaka inawezekana. Watafiti Maas na Hoffman mwaka 1977 walikusanya vipimo vya mazao mengi, na hadi leo namba zao ndizo tunazoanzia. Mahindi huanza kupunguza mavuno chumvi ikipita 1.7, na kila desisimensi moja ya ziada inakata asilimia 12. Mpunga huanzia 3, nao unapoteza asilimia 12 kwa kila hatua. Ngano inavumilia hadi 6, mtama hadi 6.8 (kwa vipimo vya baadaye), shayiri hadi 8. Chukua shamba lenye 6: mahindi yamekwisha kupoteza nusu ya mavuno, mpunga zaidi ya theluthi, ilhali ngano, mtama na shayiri havijatikisika. Kabla hujanunua hata kilo moja ya madini, jiulize kama hutatui tatizo la mahindi kwa kupanda mtama. Mimi sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeng'ang'ania mahindi. Ila mtama nao una jambo lake: ukivuka kizingiti unaporomoka kwa asilimia 16 kila hatua, kwa hiyo usiubebeshe kila kitu.

Kama ni chumvi tupu

Sehemu hii ni fupi kwa sababu hakuna dawa ya kununua. Chupa ikiwa angavu, kipimo kikiwa juu, na pH ikiwa ya kawaida, kinachohitajika ni kusuuza. Sawazisha ardhi, weka kingo, ingiza maji mazuri, yaache yashuke. Kwa kipimo cha jumla, maji ya kina cha sentimita 30 yanayopita ndani ya sentimita 30 za udongo huondoa takriban asilimia 80 ya chumvi yake. Ukiyagawa maji hayo kwa awamu, ukaacha yashuke kabla ya kuongeza, utatumia pungufu.

Yapite yaende wapi? Hapo ndipo wengi tunapoanguka. Chimba shimo la mita 2. Kama maji ya ardhini yako juu ya hapo, kila unachokisuuza kitapanda tena na jua la kiangazi. Chimba mtaro kwanza.

Kama ni magadi: hesabu ya jasi

Jasi ni chumvi ya kalsiamu na salfati. Kalsiamu ina nguvu mbili za kunata pale sodiamu ina moja, kwa hiyo ikifika kwenye chembe ya mfinyanzi inaisukuma sodiamu itoke, na chembe zinarudi kushikana. Sodiamu iliyong'olewa inaungana na salfati na kuwa chumvi nyepesi inayoyeyuka, tayari kubebwa na maji. Eugene Hilgard, mtaalamu wa udongo wa California, alikuwa akiwashauri wakulima wa ardhi nyeusi ya magadi watumie jasi tangu karne ya 19. Si jambo jipya.

Kiasi hakikisiwi. Peleka sampuli maabara upate vitu viwili: uwezo wa udongo kushika virutubisho (wanaupima kwa sentimoli kwa kilo) na asilimia ya sodiamu. Shamba langu la bondeni lilikuwa na uwezo wa 20, sodiamu asilimia 25. Nilitaka ishuke hadi 10. Tofauti ni asilimia 15. Asilimia 15 ya 20 ni sentimoli 3. Kila sentimoli moja, kwa kina cha sentimita 15, inahitaji karibu tani 1.7 za jasi safi kwa hekta. Kwa hiyo tani 5.1.

Lakini jasi ya machimbo haiji safi. Yangu ilikuwa ya asilimia 80, nikagawanya, nikapata 6.4. Na si kila kalsiamu inaipata sodiamu. Nyingine inapita na maji bila kazi, kwa hiyo niliongeza robo: tani 8 kwa hekta. Sehemu yangu ilikuwa robo hekta tu, hivyo tani 2, yaani mifuko 40 ya kilo 50. Nilipanga mfuko mmoja katikati ya kila mraba wa mita 8 kwa 8, kisha nikatawanya kila mfuko ndani ya mraba wake. Ukifanya hivyo huwezi kumaliza mifuko ukiwa nusu shamba.

Kama mfuko wa fedha hauruhusu, gawa shamba: nusu msimu huu, nusu ujao. Ni bora kuliko kueneza kidogo kidogo shamba zima. Chagua kipande, kiponye, hamia kingine.

Kabla ya kulipa, jaribu bidhaa. Niliwahi kuuziwa mifuko sita ya unga mweupe ulioandikwa jasi; ulikuwa chokaa ya mawe yaliyosagwa. Siku hizi natembea na kichupa cha siki: dondoshea unga. Chokaa inatoa povu, jasi inanyamaza. Kipimo cha pili ni kutia kijiko kikubwa cha unga kwenye lita moja ya maji ya mvua, kutikisa kwa muda mrefu, kuacha yatulie na kuyapima kwa kile kipimo cha mkono. Jasi nzuri itafika karibu na desisimensi 2 na kusimama hapo, kwa sababu maji yakishajaa jasi hayapokei zaidi. Chokaa itabaki chini sana. Ikipita mbali juu ya 2, kuna chumvi nyingine imechanganywa, iache.

Kwa nini chokaa haifai ilhali nayo ina kalsiamu? Kwa sababu kwenye pH ya juu haiyeyuki. Udongo mwingi wa magadi una chokaa tele ndani yake na bado unaugua. Chokaa ni ya udongo wenye tindikali.

Unga uwe laini kiasi cha kupita kwenye chekecheo cha milimita 2. Laini zaidi ya hapo unalipia bure na upepo unauchukua. Usihifadhi pasipo paa. Mifuko yangu minne ililowa, nikaishia kuipiga nyundo. Na usikubali plasta ya ujenzi kwa sababu tu ni jamaa ya jasi: ile imechomwa, ikipata maji inaganda.

Kuchanganya na kumwagilia

Mwanzoni nililima jasi hadi chini kabisa nikidhani nafanya vizuri. Kwenye udongo wenye magadi makali hilo ni kosa. Tabaka la chini lina kaboneti (chumvi za magadi) nyingi, na kaboneti hizo zinaikamata kalsiamu na kuigeuza chokaa kabla haijaifikia sodiamu. Changanya sentimita 10 za juu tu, kwa jembe la mkono au haro nyepesi, na uiachie kalsiamu ishuke na maji yenyewe.

Sasa maji. Lita moja inayeyusha gramu 2.5 hivi za jasi. Mifuko yangu 40 ilikuwa na kilo 1,600 za jasi halisi, kwa hiyo ilihitaji lita 640,000, ambazo kwenye robo hekta ni kina cha milimita 256. Ndani ya udongo wa magadi jasi huyeyuka haraka kidogo kuliko kwenye ndoo, kwa sababu kalsiamu inanyakuliwa kila inapotoka, lakini hesabu hiyo inakupa picha: manyunyu mawili hayatoshi. Jaza jaruba kina cha kiganja, yaache yashuke, jaza tena, siku kumi hadi kumi na nne. Siku za kwanza maji yalikuwa hayashuki hata upana wa kidole kwa siku. Siku ya tisa niliamka nikakuta jaruba limekauka, nikadhani kingo imebomoka. Nilizunguka shamba zima nikitafuta tundu. Hakukuwa na tundu. Udongo ulikuwa umefunguka.

Hapo ndipo ninapourudia ule udongo wenye vyote viwili. Kwenye chupa unaonekana mzuri, maji maangavu, kwa sababu chumvi nyingi inazishikilia chembe. Mtu anaona "hii ni chumvi tu", anausuuza kwa maji matamu bila jasi. Chumvi inaondoka, sodiamu inabaki imenata, na udongo uliokuwa unapitisha maji unafunga kabisa. Ujaribu hivi: mwaga yale maji maangavu ya chupa, ongeza mapya ya mvua, tikisa, acha. Rudia mara tatu. Kama mara ya tatu maji yanabaki machafu, una magadi yaliyojificha. Tia jasi kwanza, halafu suuza.

Salfa ni njia nyingine. Kilo moja ya salfa ina kazi ya kilo 5.4 za jasi, kwa hiyo usafiri ni nafuu. Lakini haifanyi kazi yenyewe: bakteria wa udongo wanaigeuza tindikali, tindikali inayeyusha chokaa iliyopo, na chokaa ndiyo inayotoa kalsiamu. Inahitaji udongo wenye chokaa (dondoshea siki, ukiona povu ipo), joto, unyevu, hewa, na miezi kadhaa. Udongo usio na chokaa utauchoma tu. Nami sioni sababu ya kuitumia pale jasi inapopatikana.

Kama maji yenyewe ya kumwagilia yana magadi, unarudisha ugonjwa kila wiki. Maabara ikikuambia kaboneti zimezidi kalsiamu na magnesiamu kwa kiwango fulani cha milikwivalenti kwa lita (kipimo cha maabara cha nguvu ya kunata), kila milikwivalenti moja inahitaji gramu 86 za jasi safi kwa kila mita ya ujazo ya maji. Njia rahisi ni kujenga kisanduku cha zege kwenye mfereji, ukajaza mabonge ya jasi, maji yakapita juu yake. Maji yakizidi 2.5 kwa kipimo hicho, hayafai kumwagilia kabla ya kutibiwa.

Madini ya kumpa mmea

Udongo ukishaanza kupumua, mmea bado unashindana na sodiamu iliyobaki. Hapa kuna madini ya kumpa nguvu.

Potasiamu kwanza. Mzizi unazichanganya sodiamu na potasiamu, na potasiamu ikiwa haba unameza sodiamu. Tumia ya salfati, si ya kloridi. Mbolea zina kipimo cha uchumvi wake, ambapo nitrati ya sodiamu ni 100: potasiamu ya kloridi ni 116, ya salfati ni 46. Tofauti hiyo inaonekana kwenye mche wa wiki ya pili.

Silika, madini yaliyo pia kwenye mchanga, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, pengine kwa sababu sikuilipia. Nafaka ni walaji wakubwa wa silika, mpunga kuliko wote, na ikijikusanya kwenye kuta za mizizi inaziba njia za panya ambazo sodiamu hupenyea hadi kwenye majani. Majivu ya maganda ya mpunga ni silika kwa sehemu kubwa. Chagua majivu ya kijivu au meusi, yaliyoungua taratibu. Yale meupe ya moto mkali yamekwisha kuwa fuwele ngumu kama mchanga na hayayeyuki kirahisi. Nimetumia tani 2 kwa hekta, nikichanganya wakati wa kuandaa ardhi. Tahadhari: majivu yanapandisha pH. Kwenye magadi yatie baada ya jasi na kusuuza, kamwe si kabla. Na mabua usiyaondoe shambani, silika nyingi ya zao iko humo.

Zinki hupotea kwenye pH ya juu. Mpunga ukiwa na wiki mbili hadi nne tangu upandikizwe, ukaona majani ya chini yana madoa ya rangi ya kutu na mmea umesimama kukua, usikimbilie yuria. Kilo 25 za salfati ya zinki kwa hekta zinatosha, zitawanywe kabla ya kupandikiza, na zisichanganywe na mbolea ya fosfati kwa sababu zinashikana.

Naitrojeni nayo inakimbia: yuria iliyomwagwa juu ya udongo wa magadi inapanda hewani kama amonia, unaisikia kwa pua. Ifukie, igawe mara tatu, au tumia salfati ya amonia. Ongeza robo juu ya kiwango cha kawaida. Zeolaiti, madini yenye vitundu vinavyonasa virutubisho, nimejaribu, inashika potasiamu vizuri, lakini hakikisha si ile iliyojazwa sodiamu kiwandani. Samadi ni nzuri sana pamoja na jasi, ila ya kuku ipime kwanza kwa chupa ileile, maana huwa na chumvi zake.

Kupanda

Zao la kwanza baada ya jasi, kama maji yapo, liwe mpunga. Maji yanayosimama yanaendelea kusuuza, na mizizi yake inatoa hewa ya ukaa inayoyeyusha chokaa ya udongo na kuongeza kalsiamu bure. Mpunga huota vizuri hata penye chumvi, lakini mche mchanga na wakati wa kuchanua ni dhaifu mno. Kwa hiyo ulee kitalu kwenye udongo mzuri, pandikiza miche ya siku 30 hadi 40, na uweke mitatu au minne kwa shimo. Baada ya mpunga fuata na ngano au shayiri.

Kwa mahindi na mtama wa matuta, usipande kileleni. Maji yanapopanda ndani ya tuta yanaibeba chumvi na kuiacha juu kabisa, pale pale tunapozoea kutia mbegu. Panda ubavuni, karibu na mstari wa maji. Mwagilia shamba kabla ya kupanda, si baada tu, na funika udongo kwa mabua ili jua lisiivute chumvi juu. Maji mazuri ukiwa nayo machache, yatunze kwa wiki tatu za kwanza na kwa kipindi cha kubeba mimba hadi kuchanua.

Namba iliyonitisha

Baada ya msimu huo wa jasi nilipima tena kwa chupa. Kipimo kikasoma 1.4, nikazidisha kwa 10, nikapata 14. Kabla ya jasi nilikuwa na 5. Nilikaa chini kwenye kingo nikiwa nimeishiwa nguvu, nikijiambia nimelimaliza shamba. Ila mpunga mbele yangu ulikuwa wa kijani na maji yalikuwa yanashuka.

Hesabu ndiyo iliyokuwa mbovu. Kwenye maji ya chupa yaliyo mengi, jasi iliyobaki udongoni inaendelea kuyeyuka hadi ifike kikomo chake cha karibu 2, kwa hiyo kuzidisha kwa 10 kunahesabu jasi mara kumi. Kwenye udongo wenyewe, ambako maji ni machache, haiwezi kuyeyuka zaidi ya kikomo kilekile. Ukishatia jasi, usizidishe tena. Peleka sampuli maabara wakakamue tope, au tegemea uangavu wa chupa, kiwingu cha donge, na saa ambazo maji yanachukua kushuka.

Na acha ukanda wa mita 2 kutoka upande hadi upande ambao hukutia jasi wala majivu, ukautie kila kitu kingine sawasawa. Wangu bado upo. Mtama ukifika kiunoni, ukanda huo unaonekana kutoka mbali.